Ree na Mbili Mkononi, Nusu ya Kitita Mezani

Katika Omaha ya kugawana kitita, aina ya poka, nusu huenda kwa mwenye mkono wa juu na nusu kwa mwenye mkono wa chini, yaani karata tano tofauti zisizozidi nane, ree ikihesabiwa kuwa moja. Na kila mchezaji hulazimika kutumia mbili za mkononi na tatu za mezani. Kwa muda mrefu niliucheza mchezo huu kwa hesabu niliyojifunza katika Texas Hold'em, ambako mshindi kwa kawaida huzoa chote.

Usiku mmoja nilishika ree, mbili, mfalme na tisa. Mezani zilikuwapo nne, saba, ghulamu na mfalme, na ilibaki karata moja. Kitita kilikuwa na chipu 100, na mpinzani wangu pekee akaweka dau la 100. Kati ya karata 44 nisizoziona, 16, yaani tatu, tano, sita na nane zote, zingenikamilishia mkono wa chini usioshindika: asilimia 36. Kwa kuwa kulipa 100 ili kugombea 300 kunahitaji asilimia 33 tu, nililipa bila kusita. Kumbe nilikuwa nagombea 150, kwa maana mkono wake wa juu ulikuwa umekwisha kunishinda, na malipo yale yalihitaji asilimia 67. Kwa karata 16 za kuokoa, nusu peke yake hulipa pale tu kitita chote, pamoja na ninacholipa, kinapofikia mara tano na nusu ya malipo hayo.

Tano ilikuja. Mpinzani naye alikuwa na ree na mbili. Akachukua nusu ya juu, ya chini tukagawana, nami nikapokea 75. Karata niliyoingoja niliipata, na bado nilipoteza 25.

Sasa hutafuta kwanza karata zitakazonipa pande zote mbili. Kama ree na mbili zile zingekuwa za shupaza, na nne na saba za mezani vilevile, shupaza saba (nikiacha ghulamu na mfalme, ambazo kwa kurudia karata za mezani zingeweza kumpa mpinzani mkono mkubwa zaidi) zingenikamilishia shupaza tano na kunipa kitita kizima, na karata nyingine 12 zingenipa nusu: wastani wa kama 89 kwa kila 100 ninayolipa. Bado ni hasara, lakini akilipa mchezaji wa tatu, wastani huo hufika 118, na hapo ninalipa.