Soko la wakulima Marekani: anzia kwenye meza ya taarifa

Watu wetu wengi hapa Marekani hupita kando ya soko la wakulima Jumamosi asubuhi, wakaona mahema meupe na mikate ya bei mbaya, wakahitimisha kwamba pale si pa mwenye kipato kidogo. Kumbe soko lile lina fedha zilizotengwa kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba fedha hizo haziko kwenye mabanda ya mboga.

Ukifika, tafuta kwanza meza ya taarifa. Mara nyingi iko kwenye lango au katikati ya soko, na ina bango lenye herufi SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, au EBT, kadi inayobeba msaada huo. Masoko mengi yana mashine moja tu ya kadi za EBT, nayo inakaa hapo. Unataja kiasi unachotaka, tuseme dola 20, unapitisha kadi, unaandika namba ya siri, unapewa tokeni za mbao au plastiki, kila moja ya dola 1. Ndizo unazozunguka nazo kununua.

Kabla hujaondoka mezani, uliza kama wana nyongeza ya matunda na mboga. Mpango unaojulikana zaidi ni Double Up Food Bucks, ulioanzia Detroit mwaka 2009 na sasa uko katika majimbo mengi. New York wana wao uitwao Health Bucks. Kwenye Double Up, kwa kawaida, kwa kila dola ya SNAP unaongezewa dola nyingine, hadi kikomo cha siku ambacho kila jimbo au soko hujipangia. Kwa hiyo zile dola 20 zinaweza kuwa 40. Sehemu kubwa ya fedha za nyongeza kama hizi nchini hutoka kwenye mfuko wa shirikisho uitwao GusNIP. Tokeni za nyongeza huwa na rangi yake na hununua matunda na mboga tu. Zingine hufa msimu ukiisha, basi zitumie mapema kuliko zile za SNAP.

Hapa ndipo watu hukwama: tokeni ya SNAP haina chenji. Fungu la sukuma likiwa dola 2 na senti 50, ukitoa tokeni 3, mkulima haruhusiwi kukurudishia sarafu, na akifanya hivyo soko linaweza kupoteza kibali. Usigombane naye. Mwombe aongezee kitunguu au pilipili mbili mpaka dola itimie. Wengi hukubali bila neno. Tokeni hizo pia hazinunui chakula cha moto, sabuni wala maua. Zinanunua mkate, mayai, nyama, asali na, jambo ambalo wengi hawalijui, mbegu na miche ya mimea ya chakula. Mche wa nyanya ulionunuliwa Mei na kuwekwa kwenye ndoo barazani unalisha nyumba kwa wiki kadhaa.

Mama aliye kwenye WIC, msaada wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, aulize kuhusu vocha za soko la wakulima. Sheria ya shirikisho inaziweka kati ya dola 10 na 30 kwa mtu kwa mwaka, na jimbo linaweza kuongeza. Wazee wa miaka 60 na zaidi wenye kipato kidogo wana vocha zao, ambazo hukubali pia asali. Vocha hutolewa mwanzoni mwa msimu na huwahi kwisha, kwa hiyo ni kuuliza Mei, si Agosti. Tahadhari moja: sheria iliyosainiwa Julai 2025 imebana SNAP kwa makundi kadhaa ya wahamiaji, wakiwemo wakimbizi ambao bado hawana ukaazi wa kudumu. Thibitisha hali yako na ofisi ya jimbo. Mtoto aliye raia anaweza kustahili hata kama mzazi wake hastahili.

Sasa mboga zenyewe. Mchicha upo, ila haujiiti mchicha. Utafute kwa jina la amaranth, au callaloo kwa wauzaji wa Kijamaika. Ndugu zake wa porini huitwa hapa pigweed, gugu ambalo wakulima wa mahindi na soya hupambana nalo kila kiangazi. Ndiyo maana si busara kuuchuma kandokando ya mashamba: huenda umepigwa dawa siku mbili zilizopita. Matembele, majani ya maboga na majani ya kunde ni habari ya kufurahisha zaidi, kwa sababu mkulima tayari anayo na hajui kama yanaliwa. Mwambie. Kwa viazi vitamu, muda mzuri ni Septemba, kabla ya kuchimba, maana wengi hukata na kutupa majani yote. Ukiyaomba Julai atasita, na ana haki: kuchuma sana mapema kunapunguza viazi chini. Kwa majani ya maboga, uliza wazi amepulizia dawa gani na lini. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya boga si lazima iwe salama kwa jani, na mkulima anayekula majani mwenyewe ni nadra.

Ukishika fungu, tazama ncha ya shina ilipokatwa. Ikiwa na unyevu na rangi ya kijani, imekatwa leo au jana. Ikiwa kavu na ya kahawia, mboga imelala sana. Uliza pia shamba liko wapi. Masoko mengi huruhusu mazao ya muuzaji mwenyewe tu, ila mengine huachia walanguzi. Ukiona ndizi na mananasi kwenye meza moja na nyanya, Mei, kaskazini ya nchi, ujue vimetoka kwenye ghala la jumla. Asubuhi na mapema kuna chaguo; nusu saa ya mwisho kuna bei nafuu. Nyanya za kupikia zisinunuliwe kwa pauni: omba sanduku la daraja la pili, zenye mikwaruzo na nyufa. Zisage na kuzigandisha siku hiyo hiyo, maana zenye nyufa zitakuwa zimeoza kufikia keshokutwa.

Kwa nini kujisumbua? Takwimu za USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, huonyesha kwamba kwa kila dola ya chakula, mkulima wa Marekani hupata senti 15 hivi. Sokoni anapokea dola nzima, japo humo atoe kodi ya meza, mafuta ya gari na siku nzima ya kusimama. Na baadhi ya wanaoipokea ni watu wetu. Lewiston, Maine, Wasomali Wabantu wana Liberation Farms, wanakolima pamoja na mboga mahindi ya kusaga unga. Kansas City, mpango wa New Roots for Refugees umekuwa ukiwafunza wakimbizi, wakiwemo Warundi, tangu 2008. Ukinunua ngogwe kwa mkulima kama huyo, mwaka ujao atapanda mistari miwili badala ya mmoja.

Anayetaka kuuza mwenyewe ajue mambo yanayowaangusha wageni. Mizani ya jikoni haikubaliki. Inatakiwa iliyoidhinishwa kwa biashara na kukaguliwa na maofisa wa vipimo wa kaunti au jimbo. Kama huna, uza kwa fungu au kwa idadi. Hema la futi 10 kwa 10 lahitaji uzito kila mguu, na masoko mengi hudai pauni 25 hivi. Ndoo ya galoni 5 yenye mchanga nusu inatosha, lakini kamba ifungwe juu kwenye fremu, la sivyo upepo utalinyanyua hema na kuacha ndoo chini. Bima ya dhima, yaani ya kulipia madhara yakimpata mteja, hutakiwa mahali pengi. Sambusa za nyama zilizopikwa nyumbani usizipeleke. Zinahitaji jiko lenye leseni.

Mboga za majani hufa kwa joto zinalobeba kutoka shambani. Kata alfajiri, zitumbukize kwenye maji baridi safi papo hapo, zichuje, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Sokoni toa mafungu machache machache, mengine yabaki kwenye kivuli. Mchicha uliokatwa saa nne juani utakuwa umelegea kabla mteja wa tatu hajafika.

Na kama unataka mkulima akuoteshee kitu fulani, mwendee Januari au Februari, wakati anaagiza mbegu. Nenda na jina la mmea, picha yake, na idadi ya familia zitakazonunua kila wiki. Mchicha unataka udongo wenye joto, kwa hiyo kaskazini ya nchi usiutarajie kwa wingi kabla ya mwisho wa Juni, nao hukatika na baridi kali ya kwanza ya vuli.