Kumbukumbu ya mradi: Kuipima yufoniamu ya chapa isiyojulikana kabla ya kulipa

Hali ya mradi: chombo kiko mezani, Mtwara mjini. Bendi ya matarumbeta imetoa malipo ya awali tu. Salio linasubiri matokeo ya vipimo hivi. Ni yufoniamu (ala ya shaba ya kupuliza, yenye sauti nzito) ya B♭ yenye pistoni tatu juu na ya nne ubavuni kwa mkono wa kushoto, mfumo wa kufidia, yaani mabomba ya ziada yanayorekebisha sauti valvu zikibonyezwa pamoja (valvu ni pistoni na silinda yake).

Jina lililochongwa kwenye kengele (mdomo mpana wa ala) halisaidii kitu. Kuna viwanda China vinavyotengeneza yufoniamu ya aina moja na kuichonga majina tofauti kwa kila mwagizaji, na shehena moja yaweza kuwa nzuri, inayofuata mbovu. Mfumo wa kufidia wenyewe si siri tena: David Blaikley wa kampuni ya Boosey ya London aliupatia hataza mwaka 1874, na hataza hiyo iliisha zamani. Wengi wanaunakili. Wanapopishana ni katika umakini wa kuchomea mabomba na kusaga pistoni, basi huko ndiko pa kuangalia.

PISTONI

Osha kwanza, ndipo upime. Mafuta mazito huziba mianya kwa muda, na chombo kinachovuja kikaonekana kimebana. Toa pistoni zote nne (zina namba, usizichanganye), osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanabandua lakeri (rangi ng'avu inayolinda shaba). Kausha kwa kipande cha khanga kuukuu kisichoacha nyuzi, kisha weka matone matatu manne ya mafuta mepesi ya valvu. Mafuta ya nazi hapana, hata kama ndiyo yaliyojaa sokoni: yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, na asubuhi za kusi mwezi Julai hapa pwani zinafika huko.

Kipimo cha kwanza: toa springi, simamisha silinda wima, achia pistoni. Inatakiwa iteremke kwa uzito wake yenyewe. Ya kwanza, ya pili na ya nne zimeteremka bila shida. Ya tatu inasita katikati.

Pistoni kusita kuna sababu tatu za kawaida: uchafu, bonyeo kwenye silinda, au silinda kuvutwa na mabomba yaliyochomewa yakiwa yamelazimishwa. Uchafu umeshaondoka, na bonyeo halionekani. Tukachomoa slaidi ya tatu (bomba la kuchomoka la valvu hiyo) kabisa, tukaachia pistoni tena. Safari hii imeteremka mpaka chini. Kwa hiyo kosa liko kwenye slaidi. Ukiingiza mguu mmoja wa slaidi, mguu wa pili unapaswa kukuta tundu lake bila kusukumwa. Huu umepita pembeni kwa karibu milimita moja. Ukiusukuma unaingia, lakini nguvu ile inaibana silinda. Mafuta hayatibu hilo, hata ungemimina chupa nzima.

Kipimo cha pili ni cha kuvuja. Slaidi ikiwa imepakwa grisi na kuingia yote, vuta sentimita tatu bila kubonyeza valvu yake, hesabu hadi tano, ndipo ubonyeze. Mlio wa "po!" unamaanisha hewa haikupenya. Ukimya unamaanisha pistoni ni nyembamba kwa silinda yake, na hilo halina dawa ya bei nafuu. Zote nne zimelia, ya kwanza kwa sauti ndogo kuliko wenzake. Inakubalika.

Ukiwa na tochi na kioo kidogo cha daktari wa meno, chungulia kupitia tundu la slaidi valvu ikiwa imebonyezwa. Tundu la pistoni lilingane na la bomba. Hapa ya pili imezidi kushuka kwa unene wa ukucha. Felti (pedi ya kitambaa kizito inayozuia pistoni) nene zaidi inatosha kurekebisha, haina haja ya fundi.

SAUTI

Zima feni, puliza hewa ya moto ndani dakika kumi hivi, weka tyuna (kipima sauti) ya simu kwenye 440, kiwango cha kawaida cha noti A. Kila nyuzi moja ya joto la hewa ndani ya bomba hupandisha sauti kama senti 3 (nusu toni ni senti 100). Joto likizidi kwa nyuzi 10, sauti inapanda senti 30, na kwa bomba la sentimita 275 hivi unahitaji kuongeza karibu sentimita 4.8. Slaidi kuu ina miguu miwili, kwa hiyo unaivuta sentimita 2.4. Chombo kinachohitaji slaidi ivutwe hivyo asubuhi ya baridi hakitakuwa na pa kwenda mchana wa Februari. Hiki kimekaa sawa slaidi ikiwa nje sentimita 1.

Kisha noti za wazi, bila valvu. Kwa wasomaji wa sol-fa, do ni B♭. Mi ya juu kuwa chini kidogo ni kawaida ya maumbile ya bomba. So iliyo juu yake ndiyo tatizo sugu la yufoniamu, hata za chapa kubwa. Ikizidi juu kwa senti 20 mpigaji atapigana nayo kila wimbo. Hapa imezidi kwa 12.

Mfumo wa kufidia upimwe kwa valvu ya nne. Kwenye yufoniamu ya valvu tatu za kawaida, valvu 1, 2 na 3 pamoja huongeza kama sentimita 102 wakati zinatakiwa 114, ndiyo maana noti ile hupaa karibu senti 50. Mfumo wa kufidia huirudisha hewa mara ya pili kwenye valvu na kuongeza vipande vinavyopungua. Shuka polepole: 2-4, 1-4, 1-2-4, 2-3-4, 1-3-4, hadi zote nne, ambayo ni B ya chini kabisa. Zote zimepatikana, ila 1-3-4 inakwaruza. Kukwaruza namna hii mara nyingi ni maji yaliyotuama kwenye vitanzi vya nyuma au tone la risasi ya kuchomea lililobaki ndani. Tumemwaga maji, bado inakwaruza.

MENGINE

Gonga kwa kifundo cha kidole kila kiungo cha kengele. Kinachotetema kimeachia risasi. Viwili vimeachia, na hivyo fundi yeyote wa redieta aliye makini anavirudisha. Kidomo (kipande cha kupulizia) ni cha shina kubwa, ncha karibu milimita 12.7, vya shina dogo vya bendi havitakaa. Lakeri haina mikwaruzo, na kwenye bomba la kidomo hakuna madoa ya waridi, dalili ya zinki kuliwa.

MASHARTI KWA MUUZAJI

Slaidi ya tatu inyooshwe na fundi wa ala za shaba, si wa redieta, maana moto ukizidi kiasi silinda inapinda. Risasi ya kitanzi cha nyuma ikaguliwe. Aje na springi nne na seti mbili za felti. Gharama ya usafiri wa kwenda Dar es Salaam na kurudi iwe juu yake. Akikataa la slaidi, malipo ya awali yarudi na chombo kirudi kwenye sanduku lake.