Siku moja maishani mwangu: cherehani asubuhi, silabi mchana

Saa 11:30 alfajiri

Mwezi wa tano Dodoma ni baridi na upepo, na maji ya ndoo yanauma vidole. Nawasha mkaa, nabandika uji wa uwele, wanangu wanakunywa wamesimama na kuondoka. Nami nashika njia ya Chang'ombe, kwenye kibanda changu cha ushonaji.

Saa 2:00 asubuhi

Mimi ni fundi cherehani. Leo kuna sketi za shule, zipu mbili za kubadilisha na suruali ya mzee mmoja ya kupunguza urefu. Hayo hayana la kusimulia. Ninachokipendea kibanda hiki ni kwamba muda ni wangu, na chaki haziniishii. Fundi mwenzangu kaniuliza tena nalipwa shilingi ngapi huko shuleni ninakowafundisha watoto kusoma. Nikamwambia hata maji ya kunywa naenda nayo. Akacheka, akasema basi nautaka udiwani.

Saa 8:00 mchana

Nafunga kibanda. Shule ya msingi ninayojitolea haiko mbali, natembea. Mwalimu mkuu alinikubalia chumba kimoja baada ya vipindi, kwa sharti kwamba mwalimu wa darasa ndiye anayechagua watoto. Wengi ni wa darasa la tatu, wachache wa la nne, ambao walipita darasa la kwanza na la pili bila kujua kusoma.

Watu wakisikia hivyo huanza kuwasema walimu. Mimi siungi mkono. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika darasa la kwanza nchi nzima, na mpaka leo madarasa ya chini ndiyo yenye msongamano. Humo ndani mwalimu akisema "someni", sauti inayotoka ni moja. Mtoto wa dawati la nyuma anayefungua mdomo tu wenzake wanapofungua, utamjuaje?

Saa 8:30 mchana

"Shikamoo madamu!" Marahaba, kaeni. Kwanza karanga, kila mtoto kiganja kimoja. Aliyeshinda na uji wa saa nne hafundishiki.

Kisha tunajigawa. Siangalii darasa wala umri, naangalia mtoto ameishia wapi: silabi, neno, aya au hadithi. Ngazi hizo ndizo wanazotumia pia Uwezo, shirika la kupima watoto wanavyosoma, wanapowapima mitaani. Kugawa watoto kwa kiwango ni mtindo uliovuma kutoka India, kwenye shirika la Pratham, na kwa kweli hauhitaji fedha. Unachohitaji ni kijana wa darasa la nne akubali kukaa mkeka mmoja na mdogo wake wa la tatu, na hapo ndipo penye kazi.

Kijana wangu wa leo ni huyo wa darasa la nne. Ukimwambia asome mstari wa b, anatiririka: ba be bi bo bu, kwa wimbo kabisa. Ukimwonyesha "bo" peke yake kwenye kadi, ananyamaza. Ukitazama midomo unaona inacheza: anaanza "ba" kimyakimya, anahesabu kwa vidole chini ya meza mpaka afike. Hasomi, anaimba. Hata kwenye kitabu ni vilevile, mdomo umemaliza sentensi huku kidole bado kiko neno la pili.

Kwa hiyo wimbo nimeupiga marufuku kwenye mkeka huu. Nina vizibo vya soda nilivyoviandika silabi kwa maka peni, navimwaga ovyo. Leo nimempa viwili tu, "ka" na "ta". Akavipanga: kata. Nikamwambia avigeuze. Akakodoa macho. "Taka." Nikamwongezea "ka" ya pili. Akapata kaka, halafu akaenda mbele bila kutumwa: takaka. Nikamwuliza ni kitu gani. "Sijui madamu, lakini ndivyo kilivyoandikwa." Jibu hilo limenifurahisha kuliko angesoma ukurasa mzima, kwa sababu neno lisilokuwepo huwezi kulikariri.

Kundi la maneno nimelipa mtego. Nimeandika ubaoni "Baba anakula ugali", wakasoma wote. Nikageuka, nikafuta, nikaandika "Baba analala ugali". Wanne wakasoma anakula. Binti mmoja akaziba mdomo kwa kicheko, na huyo nimemhamishia aya papo hapo.

Kuna wawili ambao nyumbani ni Kigogo tupu. Hao silabi wanaziweza, ila neno linawapita bila maana. Nawaeleza kwa Kigogo, tunasonga.

Saa 9:30 alasiri

Basi. Saa moja inatosha. Ukiwaongezea nusu saa wanaanza kubahatisha, na kubahatisha ndiko tunakokupiga vita. Mwalimu wa darasa la nne kapita mlangoni kuulizia kijana wake, maana Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne ni mwezi wa kumi, na huko hakuna vizibo.

Saa 11:30 jioni

Kabla ya kurudi nyumbani napitia kwa mzazi mmoja. Mwanawe hajaonekana wiki nzima na najua aliko: anaamia ndege. Uwele umekomaa, kwelea kwelea wakitua shambani asubuhi moja chakula cha mwaka kimekwenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kumdai mwanafunzi."

Sikumbishia habari za ndege, ingekuwa utoto. Nimemwuliza ndege wanashuka saa ngapi. Akasema alfajiri, na tena jua linapoelekea kuzama. Mchana wa joto wanakaa mitini. Basi mzee, mimi namtaka huo mchana tu, na ajira ya ndege nitamrudishia kabla ya saa kumi. Akawaza. Akamwita mama yake mtoto, wakateta kidogo. Mama akasema aje, ila siku ya mnada haji, siku hiyo anachunga mbuzi.

Saa 2:00 usiku

Wanangu wamelala. Nakata boksi la sabuni kupata kadi mpya: mba, nda, nga. Huyo wa ndege tulimwachia hapo, na mnada ni Jumamosi, kwa hiyo hana udhuru.