Ladha Hupotelea Kwenye Sufuria Kubwa

Mgahawa uliolisha mtaa tangu watoto wanatumwa na bakuli ukishaongeza meza, wateja wa zamani husema jambo moja: ladha imeondoka. Mwenyewe naye huapa kwamba hajabadilisha kitu. Viungo ni vilevile, mpishi ni yuleyule. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kilichobadilika ni sufuria.

Sufuria ikiongezeka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kina, ujazo wake huwa mara nane, ilhali kitako kinachopokea moto na uso unaotoa mvuke huwa mara nne tu. Tuseme mchuzi wa awali ulianza na lita 4 za maji, ukapoteza lita 1 kwa mvuke. Ukipika mara kumi ya huo katika chombo kimoja cha umbo lilelile, kwa muda uleule, hazipotei lita 10. Hupotea karibu nusu yake. Mchuzi unatoka mwepesi, wateja wamekaa wanasubiri, mpishi anaufanya mzito kwa unga. Uzito unarudi, lakini ule utamu unaokolea maji yanapopungua taratibu haupo, na mteja aliyekula hapo miaka ishirini anaujua kwa kijiko cha kwanza. Kwa hiyo unapozidisha kipimo, anza na robo tatu ya maji, uongeze kwa upawa. Na kama jiko linaruhusu, sufuria mbili za wastani ni bora kuliko moja kubwa. Hili ningelisisitiza kuliko yote.

Kitunguu ndicho huumia zaidi. Kikimiminwa kilo 5 kwa mpigo, kinatoa maji haraka kuliko moto unavyoweza kuyakausha, na maji yakiwapo joto halipandi zaidi ya nyuzi 100. Rangi ya kahawia na harufu yake huhitaji kama nyuzi 140. Sikiliza sufuria: kitunguu kinachokaangika hulia sauti kavu, ya mfululizo, kinachotokota hububujika kwa uzito, na kinalainika kikiwa bado cheupe. Ukisikia hivyo, usiongeze mafuta, punguza kitunguu. Kaanga kwa mafungu ya kilo moja moja kwenye chombo kipana, kila fungu likiiva liweke pembeni, kisha yaunganishe. Ni kazi, ndiyo. Lakini hatua hii ndiyo wengi huiruka, halafu wanaanza kutafuta kiungo gani kimepungua.

Kisha kuna mkono wa mpishi. Mgahawa ukiajiri wapishi watatu, chumvi ya kukadiria kwa kiganja inakuwa chumvi tatu tofauti. Usimwambie mpishi wa zamani akueleze anatia kiasi gani, maana hajui. Mkono wake ndio unajua. Pima mkebe wa chumvi kwenye mizani kabla hajaanza na baada ya kumaliza, ufanye hivyo siku tatu, kisha uchukue wastani. Fanya vivyo hivyo kwa kila kiungo. Andika kwa gramu, si kwa vijiko, kwa sababu kijiko cha chumvi laini ni kizito kuliko kijiko cha chumvi ya chenga.

Kiporo cha sufuria kubwa ni hatari ambayo mgahawa mdogo haukuijua. Sufuria ndogo hupoa upesi. Ya lita 40 ikilala jikoni, katikati hubaki na uvuguvugu usiku kucha, na baadhi ya bakteria huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, ambazo huamka katika uvuguvugu huo. Kwenye wali, sumu ikishatengenezwa haiondoki kwa kupasha moto. Chakula kinachosubiri mteja kikae juu ya nyuzi 60. Kinachohifadhiwa kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kigawe kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5. Mfuniko baadaye, kikishapoa.

Upawa uwe mmoja kwa wote wanaopakua. Gramu 20 za ziada kwa sahani 200 ni kilo 4 kwa siku, na hasara hiyo ndiyo humsukuma mwenye mgahawa kununua nyama ya daraja la chini bila kujua fedha zinavujia wapi.

Ile sufuria ya zamani isiuzwe. Mara moja kwa wiki, mpishi wa zamani apike ndani yake kwa kipimo cha awali, kisha pakua bakuli mbili, ya sufuria hiyo na ya sufuria kubwa, zikiwa na joto sawa, kwani chakula cha moto sana huficha chumvi. Aonje mteja wa siku nyingi, asiambiwe ipi ni ipi.