Asubuhi Niliyomlenga Mjomba

Jioni ya kuamkia siku hiyo, mjomba alininyima kulungu. Nasema alininyima kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule, nikiwa na miaka 19 na bunduki mkononi kwa msimu wa kwanza. Dume alikuwa amesimama juu kabisa ya mgongo wa kilima, pembe zake zimejichora mbinguni kama mizizi iliyopinduliwa, ubavu wote ametugeuzia. Umbali haukufika mita 120. Nilishapiga goti, nilishavuta pumzi. Mkono wa mjomba ukaja taratibu, ukaukandamiza mtutu mpaka ukatazama nyasi.

"Nyuma yake kuna nini?" alininong'oneza.

"Hakuna kitu, mjomba."

"Basi ndiyo maana."

Dume akashuka upande wa pili kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa.

Njiani kurudi alinieleza, ingawa masikio yangu yalikuwa yamefungwa kwa hasira. Risasi ikikosa, au ikipita mwilini mwa mnyama na kutokea upande wa pili, inahitaji udongo wa kuipokea. Mbingu haipokei kitu. Bunduki zetu zote mbili zilikuwa za kaliba ya .30-06, hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea risasi hiyo. Hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 800 kwa sekunde, na mtutu ukiinuliwa kidogo tu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. "Kilomita tatu mbele ya kile kilima kuna nani?" akaniuliza. "Unamjua?" Sikumjibu. Usiku kucha, kila nilipofumba macho, niliona pembe.

Tulitoka kabla ya alfajiri. Mzee huyu alikuwa na utaratibu wake ambao haukuvunjwa kwa sababu ya baridi wala haraka. Gizani tulitembea na bunduki tupu. Kabla ya kuanza, kila mmoja alifungua komeo la bunduki yake, kile chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, mbele ya mwenzake na kuingiza ncha ya kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, hata kama aliikagua dakika kumi zilizopita. Macho ya asubuhi yanadanganya, alisema, kidole hakidanganyi. Tulipofika kwenye ua wa seng'enge, bunduki zilipita kwanza, zimelazwa chini ya waya, komeo wazi, mitutu ikitazama kule ambako hatuendi. Watu wakafuata.

Kisha tukagawana bonde. "Kutoka mti ule uliovunjika mpaka kijitoni, na ng'ambo ya kijito mpaka kwenye ukingo ule wa udongo, ni kwako. Kutoka mti kuja kulia ni kwangu. Mtutu wako usiuvuke mti ule hata apite kulungu wa dhahabu. Mimi nipo kwenye jiwe lile, na sitoki pale mpaka saa tatu."

"Sawa, mjomba."

"Nirudishie maneno yangu."

Nikamrudishia, kwa sauti ya mtoto anayelazimishwa kusoma.

Wote wawili tulikuwa na vizibao vya rangi ya chungwa, ile kali inayochoma macho. Wapo wawindaji wanaoikwepa rangi hiyo wakidhani inafukuza wanyama. Jicho la kulungu lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, letu lina tatu. Chungwa linalotupigia kelele sisi, yeye huliona limefifia, karibu na rangi ya majani. Bluu ndiyo anayoiona vizuri. Mjomba alikuwa akiwacheka wanaoingia msituni na suruali mpya za jinzi, kisha wanalalamika kwamba bahati imewakimbia.

Kulipambazuka vibaya. Ukungu ulitanda juu ya kijito, ukawa unakuja na kuondoka. Mwanga ulipokuwa wa kutosha kuona ukingo wa udongo, niliingiza risasi kwenye chemba na kukaa kimya. Darubini yangu ya mkononi niliitia mkobani. Ningependa kusema ni kwa sababu vioo vilikuwa vinafifia kwa pumzi yangu, na kweli vilikuwa vinafifia, lakini sababu yenyewe ni kwamba nilichoka kuvifuta.

Saa moja ikapita, labda na nusu. Kijiti kikavunjika ng'ambo ya kijito, ndani ya eneo langu. Kitu cha kahawia kikasogea nyuma ya vichaka, kikainama, kikatulia.

Nikainua bunduki nitazame. "Kutazama tu," ndivyo nilivyojiambia, na maneno hayo mawili nayakumbuka kuliko yote ya siku ile. Darubini iliyofungwa juu ya bunduki haijui kutazama tu. Chochote unachokiona ndani yake kiko mbele ya mtutu.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana watu wengi nikiwasimulia hudhani sikuona vizuri. Niliona. Niliona sikio likipepea. Niliona pembe, si kivuli cha pembe, nikazihesabu ncha zake: nne upande wa kushoto. Yalikuwa matawi mawili makavu, nilikuja kuyashika baadaye kwa mikono yangu na hayakufanana na kitu chochote. Lakini kichwa changu kilikuwa kimelala na pembe usiku kucha, na asubuhi kilipopewa rangi ya kahawia na kijiti kilichovunjika, vilivyobaki kikajichorea chenyewe. Nikashuka na msalaba wa darubini nikitafuta bega, pale nyuma kidogo ya mguu wa mbele walipofundisha kwamba ndipo moyo na mapafu yalipo. Msalaba ukatulia. Mapigo yangu nayo yakatulia, jambo ambalo bado linaniogopesha kuliko lingekuwa kinyume chake.

Kisha kulungu wangu akavaa miwani.

Alikuwa amechuchumaa, anakagua nyayo za mnyama kwenye tope, na kama kawaida yake alipotaka kuona kitu cha karibu, alitoa miwani mfukoni mwa koti lake la kahawia, akaipuliza, akaivaa. Niliona hata mkono wa miwani uliofungwa kwa utepe mweusi. Sikio lilikuwa kile kipande cha kofia yake kuukuu kinachofunika sikio. Akanyanyua uso kidogo kutazama nyayo zinakoelekea, na mistari miwili ikakutana juu ya pua yake.

Sikushtuka kwa kuruka kama wanavyofanya watu kwenye sinema. Niliganda. Nikaugeuza mtutu pembeni, kuelekea ardhini, polepole kama mtu anayebeba uji uliojaa hadi ukingoni. Hapo ndipo nilipotafuta kidole changu kilipo. Kilikuwa ndani ya duara la kifyatulio. Nikatafuta kizuizi cha usalama. Kilikuwa kimesukumwa mbele, bunduki iko tayari. Mpaka leo sikumbuki kukisukuma.

Baadaye nilipima umbali kwa miguu: hatua 140. Risasi ingezimaliza kwa chini ya moja ya tano ya sekunde. Sauti huenda polepole kuliko hapo, kwa hiyo mjomba angeanguka kabla mlio haujamfikia.

Nilifungua komeo, risasi ikarukia majani. Nikatoa na zile nyingine tatu moja moja, nikailaza bunduki chini ikiwa wazi, nikaiacha na kurudi nyuma hatua kadhaa kana kwamba ingeamka. "Mjomba!" Sauti ilinitoka vibaya, kwa sababu alikuja akikimbia, akidhani nimejiumiza.

Alichukua muda kuvuka kijito, mawe yalikuwa yanateleza. Katika muda huo niliwaza uongo wa kutosha mtu mzima. Hakuwa ameona kitu. Ningesema nimeona nyoka. Ningesema tumbo. Alipopanda ukingo, suruali imelowa mpaka magotini, nikamwambia: "Mjomba, nimekulenga."

Nilingoja kofi. Hakufoka, wala hakuniambia nishukuru Mungu. Alianza kuniuliza maswali kwa sauti ya karani anayejaza fomu.

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Kizuizi?"

"Wazi."

"Ulikuwa unaona nini?"

"Dume. Ncha nne."

"Nne upande mmoja?"

"Ndiyo, mjomba."

Akakaa chini kwenye majani yenye umande, mzito ghafla. Nilidhani anapanga la kunifanya. Kumbe alikuwa amejitazama kifuani. Kizibao cha chungwa hakikuwepo. Alikivua alipopanda hadi kwenye jiwe, akatokwa jasho, akakitundika kwenye mkoba wake. Kilikuwa bado kinaning'inia kule, tulikiona wote kutoka pale tulipokaa, kinawaka peke yake.

"Nimetoka kwenye nafasi yangu," alisema. "Nimeingia kwako bila kukupa ishara. Bila rangi." Akavua miwani. "Niliona nyayo mbichi nikataka kujua kama ni yule wa jana. Nilitaka nikutafutie."

Hilo ndilo lililoniliza. Mpaka hapo nilikuwa mkavu.

Mafunzoni nilikuwa nimezikariri zile kanuni nne maarufu za Jeff Cooper, Mmarekani aliyefundisha watu wengi kushika silaha: ichukulie kila bunduki kuwa imejaa, usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshalenga shabaha, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kwenye mtihani nilipata zote. Mjomba alitaka nizitaje pale pale, na kwa kila moja aliniuliza kama niliishika. Ya kwanza niliijua na haikunisaidia kitu. Ya pili niliivunja nilipoinua bunduki badala ya kufungua mkoba. Ya tatu nilibisha kidogo, nikasema lakini nilikuwa nimeshalenga. "Ulilenga nini?" Nikanyamaza. Ya nne hakuniuliza. Kisha akaongeza makosa yake mwenyewe mawili, akiyahesabu kwa vidole vya mkono mwingine, kwa uzito ule ule aliohesabia yangu.

Tangu hapo neno ajali hunisumbua ninapolisikia likitumika kwa habari za aina hii. Mtu anasema bunduki "imejifyatua," au mwenzake "alipita mbele ya risasi." Mimi najua jinsi asubuhi nzima inavyojipanga: mkoba usiofunguliwa, kizibao kinachotundikwa, nyayo zinazovutia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotisha ukikiona peke yake.

Mjomba aliinuka, akaenda kuchukua kizibao, akakivaa. Aliporudi alinisaidia kutafuta risasi kwenye majani. Zilikuwa nne, na hatukuondoka mpaka zikatimia. Akazifuta moja moja kwa kitambaa na kuzirudisha kwenye boksi pamoja na nyingine, hata sikujua tena ipi ni ipi. Halafu akachomoa komeo zima kutoka kwenye bunduki yangu na kulitia mfukoni. Nikabeba kilichobaki, mti na chuma, bunduki isiyoweza kumdhuru mtu labda umwangushie mguuni.

Msimu ule sikuishika tena. Nilikwenda naye kila mara, nikiwa na darubini ya mkononi shingoni, na kazi yangu ilikuwa kumwambia ninachokiona na kilicho nyuma yake. Nilijifunza kusubiri mpaka kitu kionekane chote. Mara mbili nilimwambia "dume," nikajirekebisha kabla hajainua bunduki. Mara ya tatu alikuwa dume kweli, na nyuma yake kulikuwa na ukingo wa udongo.

Siku ile yenyewe tulifika nyumbani mapema mno. Mama alikuwa mlangoni. Yeye ni dada yake mkubwa, na mjomba, pamoja na mvi zake zote, alikuwa bado anamwogopa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mapema? Mmeona chochote?"

Mjomba alinitazama. Nikatazama viatu vyangu.

"Mwanao ameona dume wa ncha nne," alisema.

"Na hakumpiga?"

"Alimtazama vizuri kwanza."

Mama akacheka, akanishika bega, akasema afadhali mmoja katika ukoo huu amezaliwa na subira. Mjomba akatupita kuingia ndani kunawa mikono, na kila alipopiga hatua nilisikia lile komeo likigongana na funguo mfukoni mwake.