Kadi za wanawake wa besiboli wa Japani: mwaka wa pili

Februari 2025

Nimehesabu tena usiku wa leo: kadi 41 zenye picha za wachezaji, watu 23. Mwaka jana mwezi kama huu nilikuwa na kadi saba, na tano kati ya hizo nilizinunua kwa sababu tu zilikuwa rahisi.

Kwa anayesoma kumbukumbu hii kwa mara ya kwanza: naishi Osaka, nimekuja kusoma. Besiboli niliijua Dar kupitia mdogo wangu aliyesoma Azania, pale kwenye uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Nilipofika huku nikaanza na krispi za Calbee, zile zenye kipakiti cha kadi kilichobandikwa mgongoni mwa mfuko. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1973. Nilikula krispi hadi mdomo ukachanika kwa chumvi, na kila nikifungua kipakiti natoka na mwanaume mwenye ndevu. Ndipo nikauliza: wanawake je, hawana kadi?

Wanazo, ila za kutafuta. Wengi wa wale ninaowakusanya walicheza katika ligi ya wanawake iliyoanza mwaka 2010 ikiwa na timu mbili tu, Kyoto Asto Dreams na Hyogo Swing Smileys, kwa fedha za kampuni moja ya Kyoto inayouza virutubisho. Mechi zilikuwa za vipindi saba badala ya tisa. Mwishoni mwa 2019 wachezaji waliondoka kwa mkupuo, na mwisho wa 2021 ligi ikafungwa rasmi. Kwa hiyo nakusanya kadi za ligi ambayo haipo. Hakuna toleo jipya la kusubiri, kilichopo ni kile kilichobaki kwenye maboksi ya watu.

Tatizo la mwezi huu ni albamu. Nilizipanga kwa timu, kama kila mtu anavyofanya, na mpango umenifia mikononi. West Flora baadaye ikaitwa Kyoto Flora. East Astraia ikawa Saitama Astraia. Dione ndiyo kabisa, mara South, mara Hyogo, mara Aichi, kama mpangaji anayehamishwa kila kodi ikipanda. Mchezaji yuleyule anatokea kurasa tatu kwa jezi tatu. Nimezitoa zote, zimetandazwa kitandani, na mimi leo nalala kwenye zulia.

Machi

Nimeamua kupanga kwa mtu. Kila mchezaji na safu yake, kadi ya zamani kushoto, mpya kulia, timu iitwe itakavyoitwa. Ukiipitia safu moja unamwona mtu anakua: nywele zinakatwa, mabega yanapanuka, jezi inabadilika rangi, na namna ya kushika gongo la kupigia mpira inabaki ileile.

Halafu nikafanya kituko. Namtafuta Kawabata Yuki tangu mwaka jana, mmoja wa wapigaji bora ambao ligi ile iliwahi kuwa nao. Kwenye programu moja ya kuuziana vitu nikaona furushi la kadi sita, limeandikwa kwa kanji, zile herufi za Kijapani zilizotoka China, "Kawabata", picha ya giza, bei yen 600. Nikajiambia, muuzaji huyu hajui alichonacho. Nikabonyeza haraka kabla hajashtuka.

Asiyejua alichonacho alikuwa mimi. Bahasha imefika juzi, kadi sita, zote za kaka yake. Kawabata Shingo wa Yakult Swallows, bingwa wa upigaji wa Central League, moja ya ligi mbili kuu za wanaume Japani, mwaka 2015, mchezaji mzuri sana, sina ugomvi naye. Ukoo mmoja, kanji zilezile. Nilisoma jina la ukoo nikaishia hapo, jina lenyewe halikuandikwa na mimi sikuuliza.

Mama alipiga simu wakati nazipanga mezani. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, kwa hiyo umenunua picha za kijana wa watu, na si yule uliyemtaka?"

Ndiyo, mama. Sita.

Aprili

Somo la kanji linaendelea kunitoza ada. Kwa miezi nilimtafuta mrushaji Sato Ayami bila kuona hata kadi moja, na nilijua fika kwamba ni mchezaji bora wa Kombe la Dunia mara tatu mfululizo: 2014, 2016 na 2018. Mtu wa namna hiyo anakosaje kadi?

Kumbe naandika Sato ya watu wengi, 佐藤, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Japani nzima. Ninazoletewa ni kadi za akina Sato wa kila mchezo. Yeye anaandikwa kwa herufi moja tu, 里, maana yake kijiji, au nyumbani kwa watu. Aliyenifungua macho ni mzee mwenye duka dogo la kadi huku Nipponbashi, mtaa wa hapa Osaka. Nilimwandikia jina kwenye karatasi, akalikata kwa mstari, akaandika chini yake herufi hiyo moja, kisha akaenda nyuma akarudi na boksi la viatu.

Humo mlikuwa na mbili za Sato. Moja nimeichukua kwa yen 500: amekwisha kuachia mpira, mguu wa nyuma umenyanyuka hewani, na mpira bado uko ndani ya picha, doa jeupe kwenye kona. Ya pili ilikuwa na saini, yen 4,000. Nikaishika, nikaigeuza, nikairudisha. Nikasema nitakuja mwezi ujao mkopo wa chakula ukishaingia.

Mei

Sikuwahi.

Tarehe 11 Sato alipanda kwenye kilima cha mrushaji katika uwanja wa Christie Pits, Toronto, akiwa na jezi ya Maple Leafs wa Intercounty Baseball League, mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi ya kulipwa ya wanaume Kanada. Niliona habari nikiwa kwenye treni, nikapiga kelele ya furaha mpaka abiria mmoja akahama kiti. Nikashuka, nikageuza moja kwa moja kwenda Nipponbashi.

Mzee aliniona mlangoni tu akatikisa kichwa. "Imeondoka asubuhi."

Nimefurahi kwa ajili yake na nimenuna kwa ajili yangu, yote siku moja.

Juni

Mvua za tsuyu zimeanza, na wenye kadi za kung'aa wanajua maana yake. Kadi ya karatasi tupu inavumilia. Ile yenye utando wa metali usoni, unyevu unaingia kwa upande wa karatasi peke yake, upande mmoja unavimba na mwingine haubadiliki, basi inajikunja kama papadi kwenye mafuta. Tatu zangu zimejikunja.

Dawa yangu ni ya kimaskini. Vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya pakiti za mwani nimekuwa nikivihifadhi tangu mwaka jana. Nimeweka vinne kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, kadi zikiwa ndani ya vifuko vyao laini, juu yake nikalaza kamusi ya kanji (angalau ifanye kazi moja vizuri). Baada ya siku tano mbili zimenyooka. Ya tatu imebaki na kipinda kidogo, nimeiacha hivyo. Usizikaushe kupita kiasi, zitajikunja upande wa pili.

Agosti

Ukurasa wa albamu yangu una vifuko tisa. Timu ya besiboli uwanjani ina watu tisa. Sijui kwa nini imenichukua mwaka mzima kuliona hilo.

Ukurasa wa kwanza sasa ni kikosi, kila mtu kwenye nafasi yake. Kawabata Yuki nimempata hatimaye, yen 350, safari hii nikisoma jina hadi mwisho mara tatu. Kifuko cha mrushaji ndicho kilichozua kesi. Kwa sifa ni cha Sato, hilo halina mjadala. Nimempa Yoshida Eri.

Yoshida hakuwasubiri wanawake wenzake wapewe ligi. Novemba 2008, akiwa na miaka 16, alichaguliwa na Kobe 9 Cruise, timu ya wanaume ya ligi ndogo ya Kansai, na Machi 2009 akarusha mechi yake ya kwanza hapa hapa Osaka Dome. Silaha yake ni mpira usiozunguka. Unabanwa kwa ncha za vidole, kucha zikigusa ngozi, unasukumwa badala ya kuzungushwa, na hewa ndiyo inayouyumbisha njiani. Alijifunza kwa kuangalia video za mrushaji Mmarekani Tim Wakefield, na mwaka 2010 akakutana naye ana kwa ana Florida. Mwaka huohuo akaichezea Chico Outlaws ya California, na jezi yake pamoja na gongo vikapelekwa kwenye jumba la kumbukumbu la besiboli la Cooperstown, Marekani. Urefu wake ni sentimita 155. Mimi namzidi.

Kadi yenyewe ina kona iliyochakaa na haina saini. Niliichagua miongoni mwa tatu kwa sababu ya mkono: kamera imemkamata kabla hajaachia, na ukisogeza taa karibu unaona kucha mbili zimezama kwenye mpira.

Kifuko cha mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kiko wazi. Warushaji kila mtu anawapiga picha, lakini mdakaji akiwa kazini amejificha nyuma ya barakoa ya chuma, na wanaopiga kadi wanataka sura. Ninao wawili, wote wamesimama wametabasamu, barakoa kwapani. Siwataki hao. Namtaka aliyechuchumaa.

Mzee wa Nipponbashi amesema ataangalia. Kwa sasa, ili kifuko kisipwaye, nimemweka Shingo.