Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa kemia Kigoma

Saa 12:40 asubuhi. Kabla ya mstari niko maabara nafinyanga vidonge vya udongo. Kila kikundi kitapata vidonge 20 na njiti 30.

Saa 2:00. Kidato cha tano, vipindi viwili mfululizo. Wanaunganisha vidonge kwa njiti mpaka wapate kizimba cha pande 12, kila upande na pembe tano. Kila kidonge ni molekuli ya maji. Katikati wanatia punje ya mahindi, ndiyo methani. Haidreti, barafu iwakayo ya chini ya bahari, imejengwa hivyo: maji yameganda kuizunguka gesi bila kuungana nayo kikemia. Umbo lililo la kawaida zaidi lina molekuli 46 za maji kwa vizimba 8 vinavyoshiriki kuta, viwili vidogo kama hiki na sita vikubwa zaidi. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa gesi kama mita za ujazo 164.

Naandika 164 ubaoni. Mmoja ananyoosha mkono: "Madam, gesi yote hiyo ilitoka wapi?"

Nafurahi, maana muundo wa gesi ndio unaojibu. Mwaka 1995 wachimbaji walitoboa Blake Ridge, mbali na pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Gesi waliyoipata ilikuwa karibu methani tupu, na kaboni yake ilikuwa nyepesi, yaani kaboni-13, ile aina nzito, ilikuwa imepungua sana. Hiyo ni kazi ya vijidudu vinavyoishi topeni pasipo oksijeni, kwa kuwa hupendelea kaboni nyepesi. Haidreti nyingi za baharini ni za aina hii. Ghuba ya Mexico ni habari nyingine: kuna sehemu ambako haidreti zimebeba pia ethani na propani, gesi zilizopikwa na joto la ardhini kwenye kina kirefu, zikapanda kupitia nyufa. Propani haienei hata katika vile vizimba sita vikubwa, kwa hiyo hata umbo hubadilika.

Saa 4:30. Chai na maandazi. Kisha kusahihisha madaftari mpaka mchana.

Saa 9:30 alasiri. Nawachukua wanafunzi wa klabu ya sayansi hadi majaruba ya mpunga ya bonde la Luiche. Wanachokonoa tope kwa fimbo, mapovu yanapanda, wanayanasa kwa chupa iliyojazwa maji na kupinduliwa. Napeleka kiberiti mdomoni mwa chupa: mwali wa samawati, mara moja umekwisha. Wanashangilia, nami bado nasisimka kila nionapo.

Tukiwa palepale nawaonyesha tofauti. Topeni hapa, vijidudu hupata methani nyingi kutoka asidi ileile iliyomo kwenye siki. Baharini kuna chumvi iitwayo salfeti tele, na bakteria wanaoitumia huwahi kuila asidi hiyo. Chini zaidi, salfeti ikishaisha, watengeneza methani hutumia hasa hidrojeni na kaboni dioksidi. Ndiyo maana gesi mbili zinazowaka sawasawa, kaboni yake ikipimwa, hutoa vipimo tofauti.

Saa 1:30 usiku. Mbalamwezi imewaka, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Mzee jirani yangu yuko barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mjukuu wangu anasema chini ya maji kuna barafu inayowaka. Na ziwani kwetu imo?"

Namweleza kuwa Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, na chini kabisa, kusiko na oksijeni, methani ipo, imeyeyuka majini. Baikal kule Urusi ina mita 1,642, na haidreti zimepatikana kwenye tope lake.

"Sasa kwetu kimekosekana nini?"

"Baridi, mzee wangu. Chini ya Baikal ni nyuzi kama tatu na nusu. Kwetu, hata huko chini kabisa, ni nyuzi 23. Kwa joto hilo ingehitajika shinikizo zaidi ya maradufu ya hili tulilonalo."

Anafikiri kidogo. "Basi ingetaka ziwa lenye kina mara mbili."

"Na zaidi, mzee. Mara mbili bado isingetosha."